Njia ya Hewa Nyumbani: Kupunguza Joto Pasipo Kuongeza Matumizi ya Umeme



Kila mwaka upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma na joto la pwani kuzidi, malalamiko yahusuyo umeme wa nyumbani hubadilika sura. Mtu aliyezoea uniti zake kumfikisha mwisho wa mwezi hujikuta akinunua nyingine kabla mwezi haujafika katikati, naye hushawishika kuamini kwamba mita yake imeharibika. Mita mbovu zipo, na mwenye shaka anayo haki ya kutaka yake ikaguliwe. Hata hivyo, kabla ya kuandika barua ya malalamiko, inafaa kuchunguza kwanza mambo yaliyomo ndani ya nyumba yenyewe. Huenda feni tatu zinazungusha hewa ile ile ya moto usiku kucha, au kiyoyozi kinapoza chumba ambacho hewa yake hupotea kupitia uwazi ulio chini ya mlango.

Somo hili linahusu njia ya hewa: inapoingilia, inapotokea, na namna mwenye nyumba au mpangaji awezavyo kuitawala. Sehemu kubwa ya yanayoelezwa hapa haihitaji kununua chochote.

Hewa haiingii pasipokuwa na pa kutokea

Tuanze na jaribio. Wakati wa jioni, zima feni zote, fungua madirisha kama ulivyozoea, kisha washa kijiti cha udi. Kishike mbali na mapazia, usimame katikati ya chumba, ukitazame kimya kwa dakika moja. Moshi ukipanda wima kama uzi, hewa ya chumba hicho imesimama. Ukiinama upande mmoja, fuata uelekeo wake: huko ndiko hewa inakotokea. Rudia jaribio mbele ya dirisha, mbele ya mlango, na chini ya matundu ya hewa yaliyo karibu na dari. Baada ya kuzunguka nyumba nzima utakuwa umeijua ramani ya upepo wako kuliko fundi aliyeijenga.

Mwandishi wa somo hili aliwahi kupanga chumba kimoja Mbagala, jijini Dar es Salaam. Kilikuwa na dirisha pana linalotazama uani, na matundu mawili ya hewa juu ya mlango ambayo mpangaji aliyetangulia alikuwa ameyaziba kwa magazeti, bila shaka kwa sababu ya vumbi au mbu. Dirisha likifunguliwa lote, moshi wa udi ulisimama wima. Siku magazeti yalipotolewa na kipande cha wavu kuwekwa mahali pake, moshi uliinama kuelekea mlangoni. Chumba hakikugeuka kuwa cha baridi, lakini usingizi ulipatikana.

Sababu yake ni nyepesi. Upepo unapogonga ukuta hujazana upande ule unaogongwa, na upande wa pili wa nyumba huacha mvuto wa kunyonya. Dirisha lililo upande wa upepo hupokea hewa, na lile la upande wa pili huitoa. Chumba chenye dirisha moja tu, na mlango uliofungwa, ni kama chupa: hata ukiielekeza mdomo kwenye upepo, hewa iliyomo haitoki. Kwa hiyo kuongeza ukubwa wa dirisha moja hakusaidii sana kama kufungua tundu dogo upande mwingine. Tena, tundu la kutokea likiwa kubwa kuliko la kuingilia, hewa huingia kwa kasi zaidi, na ni kasi hiyo inayokausha jasho mwilini na kuleta nafuu.

Ipo nguvu ya pili, ambayo hufanya kazi hata siku isiyo na upepo. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, hivyo hupanda. Matundu yaliyo juu ya dirisha au juu ya mlango yaliwekwa kwa ajili hiyo: hewa ya moto itokee juu, na iliyopoa iingie chini. Anayeyaziba huifungia hewa ya moto ndani, kisha hununua feni ya kumrudishia hewa hiyo hiyo usoni.

Wazee wa pwani waliyajua haya. Majumba ya kale ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar yalijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ndefu, na ua wa kati ulio wazi juu, ambao hewa ya vyumba hupandia. Nyumba nyingi tunazojenga leo zina kuta nyembamba za matofali ya saruji, dari fupi na paa la bati, na ndiyo maana zinadai uangalifu zaidi katika jambo ambalo nyumba zile zililifanya zenyewe.

Kusi, kaskazi na dirisha lako

Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi kama Machi, na kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka. Juu ya hizo kuna upepo wa bahari unaoingia nchi kavu mchana, na ule wa nchi kavu unaotoka kuelekea baharini usiku na alfajiri. Dirisha linalopokea upepo Julai laweza kuwa la kutolea hewa Januari. Basi usijipangie mara moja kwa mwaka mzima kwamba dirisha fulani hufunguliwa na fulani hufungwa. Rudia jaribio la udi msimu unapobadilika.

Jua nalo lina mapenzi yake. Kwa kuwa tunaishi karibu na ikweta, jua hupita karibu na utosi, na kuta zinazoungua zaidi ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Ukuta wa saruji wa magharibi hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku, saa zile zile unapotaka kulala. Mwenye kujenga na aelekeze madirisha makubwa kaskazini na kusini, ambako kivuli kidogo cha paa hutosha. Ambaye nyumba yake imekwisha kujengwa anaweza kupanda mti, kutundika chandarua cha kivuli au jamvi upande wa magharibi. Kivuli kiwe nje ya kioo, kwa sababu joto likishapita kioo limekwisha kuingia ndani, na pazia zito litazuia upepo pasipo kulitoa joto hilo.

Kuhusu aina za madirisha, tuseme waziwazi. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yamependwa kwa sura yake, lakini hufunguka nusu tu: dirisha la upana wa mita 1.5 hutoa njia ya hewa ya sentimita 75, na nusu iliyobaki ni kioo juu ya kioo. Madirisha ya vioo vya vipande vinavyoinama, ambayo wengi huyadharau kuwa ya kizamani, hufunguka karibu yote na huweza kuelekeza upepo juu au chini. Yale ya kufunguka kwa bawaba hufunguka yote pia. Kama upo hatua ya kujenga na fundi anakushawishi kuhusu kuteleza, mwulize swali moja: nusu ya hewa niliyoilipia itapita wapi?

Wavu wa mbu hauna mbadala katika nchi zenye malaria, na hakuna neno katika somo hili linaloshauri uondolewe. Ila wavu hupunguza upepo, na wavu uliojaa vumbi hupunguza zaidi. Ufue au uufute kwa brashi na maji ya sabuni kila baada ya wiki chache. Vilevile, nafasi kati ya ukuta na paa ni njia kuu ya kuingilia mbu waenezao malaria. Usiizibe kwa saruji ukadhani umemaliza kazi, kwani utakuwa umefunga na njia ya hewa ya moto. Izibe kwa wavu.

Joto lililo juu ya kichwa chako

Watu wengi wanaolalamika joto la usiku hawajapata kupanda wakatazama kilichopo kati ya bati na dari. Bati lililopigwa na jua la saa nane mchana huunguza kiganja. Joto lake huingia katika nafasi iliyo juu ya dari, na kama nafasi hiyo haina matundu hukaa humo kama katika tanuri, likishuka polepole kupitia dari hadi usiku. Dalili yake ni rahisi kuitambua: gusa dari saa moja jioni. Ikiwa ya moto kuliko ukuta, tatizo lako haliko dirishani.

Dawa ni kuipatia nafasi hiyo njia yake ya hewa, ya chini na ya juu. Ya chini huwekwa kwenye ukingo wa paa, chini ya sehemu inayojitokeza nje ya ukuta. Ya juu huwekwa kwenye ukuta wa pembetatu unaoshikilia ncha za paa. Matundu ya upande mmoja tu hayatoshi, kwa sababu ile ile tuliyoieleza kuhusu dirisha moja. Yote yafunikwe wavu imara, la sivyo utawakaribisha popo na panya. Aidha, bati lenye rangi nyeupe au nyepesi hurudisha sehemu kubwa ya jua, ilhali la rangi nzito hulimeza. Ni jambo la kufikiriwa kabla ya kuchagua rangi kwa sababu tu jirani amechagua hiyo.

Feni hupoza mtu, haipozi chumba

Feni huondoa joto kwenye ngozi kwa kukausha jasho, lakini haipunguzi nyuzijoto za chumba hata moja; mota yake huongeza joto kidogo. Kwa hiyo pangaboi linalozunguka katika chumba kisicho na mtu ni uniti zinazopotea bure.

Usiku, hewa ya nje inapokuwa imepoa kuliko ya ndani, feni ya kusimama inaweza kufanya kazi kubwa zaidi ya kukupepea. Iweke karibu na dirisha la upande ambako upepo hautokei, uso wake ukitazama nje, na ufungue dirisha au mlango wenye wavu wa upande wa pili. Itaitoa hewa ya moto, na ile iliyopoa itaingia kuchukua nafasi. Baada ya nusu saa hivi igeuze ikuelekee. Katika mikoa mikavu kama Dodoma, ambako usiku hupoa vizuri, njia hii ikifuatwa na kufunga madirisha na mapazia asubuhi kabla joto halijapanda huifanya nyumba yenye kuta nene ikae na ubaridi wake hadi alasiri. Pwani, penye unyevunyevu mwingi, kufunga nyumba mchana hakuna faida hiyo. Wacha hewa ipite.

Kiyoyozi na hesabu yake

Hesabu ifuatayo na isomwe na kila anayetaka kununua kiyoyozi. Chukua pangaboi la wati 70 likifanya kazi saa 8 kila usiku. Litatumia uniti 0.56 kwa usiku, yaani 16.8 kwa siku 30. Sasa chukua kiyoyozi cha wati 1,000 kwa saa zile zile 8, na tuseme mtambo wake unasukuma asilimia 60 tu ya muda huo na kupumzika uliobaki. Kitatumia uniti 4.8 kwa usiku, yaani 144 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyowekwa kwa kundi la T1 nchini Tanzania katika agizo la mwaka 2016, pangaboi ni takriban shilingi 4,900 na kiyoyozi ni shilingi 42,048, kabla ya kodi na tozo.

Kwa familia iliyo katika kundi la D1 jambo ni zito zaidi. Kundi hilo ni la watumiaji wadogo, na katika agizo hilo uniti zao 75 za mwanzo kwa mwezi zilipangiwa shilingi 100 kila moja, na zinazozidi shilingi 350. Kiyoyozi kimoja, chumba kimoja, usiku tu, tayari kimeruka mpaka huo karibu mara mbili. Hatusemi mtu asinunue. Mwenye mgonjwa, mzee au mtoto mchanga anayeteseka na joto anayo sababu. Tunasema afanye hesabu kwa wati zilizoandikwa kwenye bamba la mashine anayoitaka, kwa bei iliyopo siku hiyo, kabla ya kulipa na si baada ya hapo.

Aliyekwisha kununua aangalie mambo haya. Chumba chenye kiyoyozi hufuata kanuni iliyo kinyume cha yote yaliyotangulia: madirisha yafungwe, uwazi wa chini ya mlango uzibwe kwa kitambaa kilichokunjwa, na matundu ya hewa yafunikwe kwa kipande kinachoondoleka wakati mashine inapofanya kazi, kisha yafunguliwe inapozimwa. Kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na hushuka, elekeza mapezi ya mashine mbele au juu kidogo, baridi ienee kabla ya kuanguka. Ukiyaelekeza kitandani utaganda wewe huku chumba kikibaki na joto, na mashine itaendelea kusukuma. Kabati au pazia lisikae mbele yake. Toa kichujio na ukioshe kila baada ya wiki mbili hadi nne za matumizi. Ni kazi ya dakika kumi isiyohitaji fundi. Sehemu ya nje ipate kivuli na nafasi ya kupumua. Kuifungia ndani ya sanduku la chuma kwa kuogopa wezi, kama wafanyavyo wengi, ni kuilazimisha ivute hewa ya moto iliyotoa yenyewe. Grili yenye nafasi pana hutosha. Weka nyuzijoto 25 au 26 na uwashe pangaboi taratibu: utajisikia kama uliyeweka 23.

Baadhi ya majengo ya ghorofa hutumia mtambo mmoja unaopeleka hewa vyumbani kwa mifereji, kama zilivyo nyumba nyingi za Marekani na Kanada wanakoishi jamaa zetu. Huko kuna mazoea ya kufunga matundu ya vyumba visivyotumika kwa nia ya kubana matumizi. Mtambo hausukumi hewa kidogo kwa sababu hiyo; shinikizo huongezeka ndani ya mfereji, hewa huvujia kwenye maungio, na matundu yakifungwa mengi mno mtambo wenyewe waweza kuganda barafu. Kupunguza kidogo tundu la chumba chenye baridi kupita kiasi hakudhuru. Kuyafunga nusu ya nyumba hudhuru.

Nyanda za juu: tundu lililozibwa na jiko la mkaa

Tumeliweka hili mwisho kwa kuwa halihusu uniti bali uhai. Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto na, ng'ambo ya mpaka, Limuru na Nyahururu, baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani, wafunge mlango na dirisha, na kuziba matundu kwa matambara ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka katika hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyowasha macho. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi tena, ndio unaodanganya zaidi, maana watu hudhani moshi ukiisha hatari imeisha.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kuregea, ambazo mtu huweza kudhani ni malaria au uchovu. Aliyelala hazihisi, hupita kutoka usingizini hadi kuzimia pasipo kuamka. Watoto, wajawazito na wenye maradhi ya moyo hudhurika upesi zaidi. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Ota moto nje au katika jiko la uani lililo wazi, kisha uliache jiko huko huko unapokwenda kulala. Jenereta nayo isiwashwe ndani wala kibarazani chini ya dirisha. Ili chumba kikae na joto, ziba nyufa za milango na ufunike vioo kwa mapazia mazito, lakini matundu ya juu yaache wazi, hasa mnapolala wengi.

Jikoni penye mtungi wa gesi kanuni ina sura nyingine, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutanda sakafuni, na dirisha la juu halitaitoa. Panahitajika tundu la chini au mlango wa nje. Ukisikia harufu yake usiwashe wala kuzima taa au kiberiti. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

Ukimkuta mtu ameregea au amezimia katika chumba chenye jiko la mkaa, usikae humo kumwuliza maswali. Vuta pumzi nje, ingia, fungua mlango wote na umtoe hewani, na jiko litolewe baadaye. Mpelekeni hospitali hata kama amezinduka na kusema yu mzima, na mwelezeni mganga tangu mwanzo kwamba kulikuwa na jiko la mkaa ndani, kwa sababu tiba yake ni oksijeni, na asipoambiwa aweza kuanza kutafuta ugonjwa mwingine.